Rangi za maji: za wanafunzi au za kitaalamu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Bagamoyo, nachora majahazi na majumba ya zamani kwa rangi za maji na kuwauzia wageni. Natumia boksi la rangi 24 za wanafunzi. Mwenzangu ananiambia bila rangi za kitaalamu sitafika mbali, lakini tyubu yake moja ndogo ni bei ya boksi langu zima. Tofauti ipo kweli, au tunalipia jina? Na nikinunua, nianze na zipi?

JIBU: Marahaba. Tofauti ipo, ila haiko sawa kwa kila rangi, na ukilijua hilo hutamaliza pesa yako.

Rangi ya maji, ya bei yoyote ile, ni unga wa rangi uliosagwa na gundi ya mgunga, ile itokayo kwa wingi Sudan, pamoja na gliserini au asali kidogo ili isikauke ikapasuka. Kwenye rangi za kitaalamu unga ni mwingi. Kwenye za wanafunzi unga umepunguzwa, pengo likajazwa vitu vyeupe vya bei rahisi. Ni tui la kwanza na tui la tatu: nazi ni ileile. Chora bahari ya saa saba mchana utaona mwenyewe. Bluu nyepesi itakurudisha kwenye boksi mara kwa mara, na ukifika tabaka la tatu karatasi inaanza kupauka kama imepakwa chaki.

Sasa tazama boksi lako. Watengenezaji wa kueleweka huandika namba ya unga kwenye kila rangi: PB29 ni altramarini, yaani bluu iliyokoza, PBr7 ni kahawia ya udongo, PY42 au PY43 ni manjano ya udongo. Hizi unga wake ni wa bei nafuu tangu kiwandani, kwa hiyo hata za wanafunzi hazidanganyi sana. Endelea nazo. Panapobadilika ni kwenye kobalti (bluu) na kadimi (manjano na nyekundu), ambazo unga wake ni ghali. Kwenye boksi la wanafunzi utakuta jina hilohilo limeongezewa neno Hue, maana yake wameiga kwa unga mwingine. Si dhambi, ila ujue unachonunua. (Kadimi halisi ina sumu, kwa hiyo usinyooshe ncha ya brashi kwa ulimi kama wengi tunavyopenda kufanya.)

Kama boksi halina namba hata moja, lifanyie mazoezi tu. Usiuze picha yake.

Nasema hivyo kwa sababu ya jua. Wewe unauza, na mteja anaitundika picha sebuleni asijue kama ile waridi itachuja. PR83, nyekundu ya zamani iitwayo alizarini, inajulikana kwa kuchuja, na waridi zile zinazong'aa kama karatasi za sherehe ni hivyohivyo. Kwenye tyubu tafuta alama ya kuhimili mwanga ya ASTM, shirika la viwango la Marekani: I au II ni salama, III kwenda juu achana nayo. Usipoiona, pima mwenyewe. Paka mistari ya rangi zako zote kwenye kipande cha karatasi, andika majina kwa penseli, kikate katikati ya mistari. Nusu moja ifiche ndani ya kitabu, nyingine ibandike dirishani panapopigwa jua. Baada ya miezi mitatu zikutanishe. Jua letu la pwani halina subira.

Za kununua, anzia tatu, tyubu za mililita 5: PV19, waridi inayohimili mwanga, PY154, manjano safi, na PB15, bluu ya fthalo. Hiyo ya mwisho ni kali, tone dogo linatosha bakuli zima, kwa hiyo bei yake si kubwa kama inavyoonekana dukani. Ukiichanganya na manjano kidogo unapata maji ya kina kifupi. Hakuna ubaya kuzichanganya na za boksi lako.

Ukipata pesa ya tyubu ya nne, hapo ndipo nitakapokushawishi ununue altramarini ya kitaalamu, ingawa nimesema ya wanafunzi inafaa. Changanya na PBr7 uache ikauke bila kuigusa. Punje za bluu zinatuama kwenye vishimo vya karatasi, kahawia inabaki juu, na kijivu unachopata kina chembechembe zilezile za kuta za mawe ya matumbawe kule kwenye magofu ya Kaole. Ya wanafunzi hutulia laini mno kwa kazi hiyo.

Lakini yote haya ni bure kwenye karatasi ya kuchapishia. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua karatasi ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, ukaendelea na boksi lako. Picha itabadilika zaidi kuliko ukibadili rangi.

Jambo la mwisho ni unyevu. Ukimaliza kuchora usifunike boksi hadi vidonge vikauke, la sivyo vinaota ukungu. Na kwa huku pwani zipishe rangi zilizosagwa kwa asali nyingi, hata kama ni nzuri: kwenye paleti, yaani sahani ya kuchanganyia rangi, hazikauki, zinanata na kutiririka ukiibeba paleti imesimama mkobani.