Msumeno wa meza nyumbani: kabla ya yote angalia swichi

Mkuu umeuliza unataka kufunga msumeno wa meza kwenye banda la nyuma, uwe unatengeneza vitanda na meza jioni ukitoka kazini, ila unaogopa kupoteza vidole. Wadau wamekujibu vaa glovu na miwani, basi. Mimi nakula kwa kazi hii na glovu nazipinga kabisa, kwenye kitu kinachozunguka hazivaliwi, meno yakidaka uzi mmoja tu mkono wote unavutwa. Mikono mitupu, shati limekunjwa, pete na saa vuliwa. Miwani sawa, hata kama unapasua kipande kimoja tu.

Sasa kitu ambacho hamna aliyekitaja na kwangu ndo cha kwanza kabisa ni swichi. Misumeno mingi ya meza inayochomelewa na mafundi wa mtaani inafungwa swichi ya ukutani au breka tu, umeme ukikatika mashine inasimama lakini swichi imebaki imewashwa. Karakana ya jirani yangu ilitokea hivyo, umeme umekatika, kijana akaona ndo muda mzuri wa kutoa kipande kilichokwama pembeni ya diski, ameinama pale umeme ukarudi. Ncha za vidole viwili zikaenda. Tafuta swichi ya sumaku, ile ya kitufe cha kijani na chekundu, umeme ukikatika inajiachia na ukirudi mashine haiwaki mpaka ubonyeze mwenyewe. Ijaribu kabla hujaanza kazi: meza iwe tupu, washa, nenda kazime mein swichi, diski ikisimama rudisha umeme, mashine ikiwaka yenyewe hiyo swichi sio. Na hata ukiwa nayo, kabla mkono haujaenda kwenye diski plagi chomoa, tena iweke mahali unaiona, maana hapo ni nyumbani na watoto wanapenda kuchomeka vitu.

La pili ni mbao kurushwa. Diski inazunguka kuja upande wako, meno ya mbele yanashuka, ya nyuma yanapanda, kwa hiyo mbao ikiminya diski kwa nyuma yale meno yanainyanyua na kuitupa kifuani au tumboni kwako, na ni haraka kiasi kwamba huwezi kukwepa. Diski ya inchi 10 kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika meno yake yanakimbia kama kilomita 190 kwa saa, piga hesabu mwenyewe. Hizi paini nyingi tunanunua zikiwa bado mbichi, ukiipasua unaona kabisa ule mkato unajifunga nyuma ya diski. Hapo usilazimishe kusukuma, zima, subiri isimame kabisa, gonga kabari kwenye mkato ndo uendelee. Dawa ya kudumu ni bati la chuma linalosimama nyuma ya diski kwenye mstari wake, jembamba kuliko mkato lakini nene kuliko mwili wa diski, linazuia mkato usijifunge ukaiminya diski. Wewe simama pembeni, usikae kwenye mstari wa diski, meno yazidi unene wa mbao kidogo tu, na mwisho wa mbao maliza na kijiti cha kusukumia, sio vidole.

Halafu kuna hii tabia ya kufunga diski ya msumeno kwenye grenda. Achana nayo kabisa. Grenda ndogo inafika mizunguko 11,000, na meno yakinasa tu inakuruka mkononi ikiwa bado inazunguka.

Vumbi watu wanalichukulia poa kwa sababu halitoi damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua, na hiyo ni tangu 1995. Mninga na mvule pia zinawasha pua na ngozi, wengine wanapata pumu. Fanya msasa nje, vaa barakoa ya N95 sio kitambaa, jioni mwagia maji kidogo kabla ya kufagia, na badili nguo kabla hujabeba mtoto. Thina na vanishi visikae banda moja na jiko la mkaa, na waya wa ekstensheni unyooshe wote, ukiwa umeviringwa unachemka.

Ikitokea kidole kimekatika, bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, kipande kifunge kwenye kitambaa safi kilicholowa kidogo, kiweke kwenye mfuko wa plastiki, ndo mfuko uwekwe juu ya barafu, barafu isiguse nyama, kimbia hospitali kubwa. Usifanye kazi ukiwa peke yako nyumbani.

Mashine yako inatumia mota moja kwa moja au puli na mkanda? Kama ni puli tuwekee kipenyo cha zote mbili na spidi ya mota tupige hesabu ya spidi ya diski, na soma spidi ya mwisho iliyoandikwa kwenye diski, maana mashine nyingi zinazochomelewa mtaani zinaizidisha.