Mkuu, usiongeze ramani hata moja. Simu mbili, benchi moja kwanza

Mkuu, hizo milioni 18 za kuongeza vitu kwenye gemu lenu ziache benki. Nasema leo, kabla mchoraji hajapewa malipo ya awali.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Gemu lenu la kupigana mtandaoni lina miezi mitano sokoni, limekwama kwenye nyota 2.1, watu wanaingia siku moja wanalifuta, na sasa mmepata mwekezaji mnataka kuongeza ramani nne, wahusika sita na mashindano ya kulizindua upya. Unauliza muanze na kipi, mbadilishe jina au mliache, skini (mionekano ya wahusika) ziuzwe bei gani, na muwajibu vipi wanaowatukana kwenye maoni. Halafu katikati, kama jambo la kupita tu, umeandika: "wengine wanalalamika inalagi ila ofisini kwetu iko poa." Yaani inachelewa na kukwamakwama.

Sentensi hiyo ndiyo tatizo lako lote. Mimi niliisema mwaka 2021, karibu kwa maneno hayohayo, na ilinigharimu kiwanja.

Tulikuwa wanne, chumba kimoja Sinza, tukatengeneza gemu la mbio za bajaji. Wachezaji wanane, mitaa iliyofanana na Kariakoo, anayefika wa kwanza ndiye mshindi. Tulilipenda sana gemu lile. Wiki ya kwanza lilipakuliwa kuliko tulivyotegemea, wiki ya tatu nyota zikaanza kudondoka. Na watu walitueleza sababu bila kificho, maoni yao ninayo kichwani mpaka leo: "bajaji inaruka kama chura", "nimefika wa kwanza naandikiwa wa nne", "mnaiba ushindi". Sisi tukaona hayo ni maneno ya vijana waliozoea magemu makubwa ya nje.

Hapo ndipo alipoingia mshauri. Jina lake silitaji, lakini mpaka leo nikimkumbuka kifua kinabana. Alikuja na kompyuta nzuri na maneno mengi, akatuambia wachezaji wanaondoka kwa sababu wamechoka, ramani moja haimshiki mtu, wapeni vitu vipya kila mara. Tukamlipa milioni mbili na nusu. Hakucheza mbio hata moja kwa simu yake mwenyewe. Hata moja! Aliangalia video tulizorekodi ofisini, basi. Kukosea si kosa la kumchukia mtu, kila mmoja anakosea. Kinachoniuma ni kwamba nilimwonyesha yale maoni ya "inaruka" kwa mkono wangu mwenyewe, akaniambia: "Hao ni wenye simu mbovu, hao si soko lenu." Sasa soko letu lilikuwa nani? Tandika, Buguruni, Mbagala, Igoma kule Mwanza, wote wana simu hizohizo. Alitufuta wateja wetu kwa sentensi moja, akapokea hela, akaondoka.

Tukafanya alivyosema. Miezi tisa. Ramani nne mpya, zikawa tano. Bajaji kumi na nne zenye rangi na maandishi ya nyuma. Aina tatu za mbio: ya kawaida, ya kuondolewa mmojammoja, na ya kubeba abiria. Pesa zikaisha mwezi wa sita, nikauza kiwanja changu cha Chanika ili wachoraji wamalizie. Mke wangu nilimwambia baada ya kuuza. Hilo nalo naliandika hapa ili ujue kwamba hasara ya aina hii haiishii ofisini.

Tukatoa toleo jipya. Sikiliza kilichotokea, maana hiki ndicho unachotaka kukinunua kwa milioni 18.

Kwanza, faili likatoka megabaiti 80 likafika 410. Mtu mwenye simu iliyojaa picha za harusi ya dada yake na video za kwaya hafuti picha ili bajaji zipate nafasi. Anafuta bajaji. Wengi wa waliokuwa wamebaki nasi tuliwapoteza siku ileile ya sasisho, bila hata tusi.

La pili ndilo lililotumaliza, na linatoka kwenye hesabu ya darasa la tatu ambayo watu wanne wenye vyeti hatukuifanya. Ramani tano mara aina tatu za mbio ni foleni 15 za kusubiri wenzako wa kucheza nao. Tuseme jioni una watu 60 mtandaoni, na kwa gemu dogo hao ni wengi. Wagawanye sawasawa kwenye foleni 15: wanne kila foleni. Mbio zetu zilihitaji wanane. Umeona? Watu 60 wameingia, wote wanataka kucheza, na hakuna mbio hata moja inayoanza. Kila mmoja anatazama duara linazunguka, anaamini gemu limekufa, anatoka. Akitoka, anayefuata anasubiri zaidi. Kabla ya pesa zile, ramani ikiwa moja na foleni ikiwa moja, watu haohao 60 wangejaza mbio saba na wanne wangesubiri kidogo tu. Tulilipa pesa kuwatenganisha wachezaji wetu wenyewe.

Na ile ya kuruka kama chura ilikuwepo palepale. Hatukuigusa kwa miezi tisa.

Niliijua siku nilipokwenda kunyoa Mbagala. Nje ya kinyozi pana benchi, vijana wawili wamekaa bega kwa bega wanacheza gemu letu, hawanijui. Wamewekeana soda. Nikasimama nyuma yao. Kwenye simu ya huyu bajaji nyekundu iko mbele, kwenye simu ya yule bajaji nyekundu iko nyuma. Mbio ni moja, sekunde ni moja, benchi ni moja. Wakafika mwisho, wote wawili wakaruka juu kushangilia kwa pamoja, kisha seva, kompyuta kuu inayowaunganisha wachezaji, ikaandika mshindi ni mtu wa tatu. Wakaanza kugombana, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kioo chake, na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kinyozi akatoka kuwaamua. Sikunyoa siku ile, nilipanda daladala nikarudi Sinza.

Kwa nini hatukuona mapema? Kwa sababu tulijaribu gemu ofisini, simu zote kwenye waifai moja, seva ikiwa kompyuta ya mezani iliyo mita mbili kutoka kwetu. Mtu yeyote aliyekaa pale angeona mambo ni mazuri, hata fundi bora kuliko sisi. Seva ya wateja ilikuwa Frankfurt, Ujerumani, kwa sababu ndiyo tuliyoikuta ya bei nafuu. Kutoka Dar mpaka kule ni karibu kilometa 7,000 kwa mstari ulionyooka, na nyaya za baharini hazinyooki. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi unakwenda takriban kilometa 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo hata bila msongamano wowote njiani, kwenda na kurudi ni milisekunde 70. Sisi tulipopima kwa bando, jioni, tukiwa kwenye lile benchi, tulipata 190 hadi 240. Bajaji ya kwenye gemu ikienda kilometa 60 kwa saa, ndani ya milisekunde 200 inasogea zaidi ya mita tatu. Hiyo ni bajaji nzima na ziada. Kila kijana alikuwa anashindana na picha ya mahali mwenzake alipokuwa muda mfupi uliopita.

Gemu lenu ni la kupigana, mkuu. Kwenu ni mbaya zaidi. Mita tatu kwenye mbio ni ubishi, lakini milisekunde 200 kwenye ngumi ni kwamba mtu amekinga na bado amepigwa. Ndiyo maana wanawatukana.

Kosa letu jingine ndani ya hilohilo: taarifa zote tulizituma kwa TCP, njia mojawapo ya kutuma data mtandaoni, kwa sababu ndiyo tuliyoizoea kwenye kutengeneza tovuti. TCP inahakikisha kila pakiti, yaani kila kipande cha taarifa, inafika na kwa mpangilio. Kwa barua hiyo ni sifa. Kwa mbio, pakiti moja ikipotea hewani, na mtandao wa simu unapoteza pakiti kila saa, zote zilizo nyuma zinasimama kuisubiri, kisha zinamiminika kwa mkupuo. Mmiminiko huo ndio ule mruko wa chura. Nafasi ya bajaji ya nusu sekunde iliyopita haina faida kwa mtu yeyote, iache ipotee, tuma mpya. Tukahamia UDP, njia isiyosubiri pakiti iliyopotea. Simu ikawa inakadiria yenyewe mwendo wa dereva wake bila kusubiri jibu, seva inamsahihisha polepole akipishana na ukweli. Seva tukaipeleka Johannesburg, kama kilometa 2,500 badala ya 7,000. Na tulipopima tena palepale Mbagala tukaanza kuona namba za chini ya 100.

Kuhusu bando pia, maana najua utaniambia wachezaji wataliwa data. Piga hesabu kwa lenu: ukituma taarifa mara 20 kwa sekunde, kila moja baiti 200, hiyo ni megabaiti 14 na kidogo kwa saa nzima. Sasisho letu moja la ramani lilikula zaidi ya saa 20 za kucheza.

Usidhani nazungumza mambo ya maskini wa Sinza tu. Rainbow Six Siege, gemu la kupigana risasi mtandaoni la kampuni ya Ubisoft, ilitoka Desemba 2015 na kwa muda mrefu watu waliilalamikia seva na upangaji wa mechi. Mwaka 2017 wakatangaza kwamba msimu uliokuwa unafuata, wenye ramani na wahusika wapya ambao watu walishaulipia na kuungoja, unasogezwa miezi mitatu, ili warekebishe seva, muunganisho na hitilafu. Waliuita mpango huo Operation Health. Kampuni kubwa, yenye mamia ya wafanyakazi, ilisimamisha vitu vipya ili itengeneze msingi. Gemu lile linachezwa mpaka leo.

Au Final Fantasy XIV, gemu la mtandaoni la kampuni ya Square Enix ya Japani. Lilitoka Septemba 2010 likapokelewa vibaya kiasi kwamba rais wa Square Enix, Yoichi Wada, aliomba radhi hadharani na wakasimamisha kutoza ada ya mwezi. Naoki Yoshida, aliyepewa kazi ya kulinusuru, alisimulia baadaye kwamba chungu kimoja cha maua ndani ya gemu kilikuwa na mzigo wa michoro sawa na mchezaji mzima. Chungu cha maua! Nilipokisoma kisa hicho nikazikumbuka bajaji zetu kumi na nne na maandishi yake ya nyuma. Wao walizima seva za zamani Novemba 2012, wakarudi Agosti 2013 na gemu lililojengwa upya toka chini, na likapendwa. Wewe huna pesa ya kujenga upya toka chini, mkuu. Una milioni 18. Ndiyo sababu nakusihi usizigeuze vyungu vya maua.

Sisi baada ya benchi tulifanya kilichouma zaidi: tukaondoa. Ramani nne tukazificha, aina mbili za mbio tukazifuta, faili likarudi chini ya megabaiti 100. Foleni moja. Mbio isipojaa ndani ya sekunde 20, nafasi zinajazwa na madereva wa kompyuta, na tunamwambia mchezaji wazi kwamba wale ni wa kompyuta. Mchoraji wetu alilia kuona kazi ya miezi tisa inatoka, na alikuwa na haki ya kulia. Lakini maoni ya "mnaiba ushindi" yalipungua ndani ya mwezi mmoja. Gemu lipo mpaka sasa, dogo, lina watu wake wa jioni. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini tulirudi kuruka kama chura kwa siku kadhaa, ila safari hiyo hakuna aliyetutukana, Dar nzima ilikuwa inaruka. Kiwanja hakijarudi.

Utaniambia mwekezaji anataka kuona kitu kipya kwa macho. Mchukue mwende naye. Mkalishe kwenye benchi na simu ya laki moja na nusu, mpe bando la kawaida, apigane na mtu aliye pembeni yake. Akiona amekinga na bado kaanguka, hatakuuliza tena habari ya ramani.

Na huyo "mtaalamu wa masoko" uliyemtaja, anayesema mashindano ya uzinduzi yatarudisha watu: muulize ameshacheza mechi ngapi za gemu lenu, na amechezea wapi. Mashindano juu ya seva mbovu ni kuwaalika watu mia mbili kwa siku moja waone ubovu wakiwa pamoja, huku wanarekodi.

Mambo ya jina na bei ya skini tutaongea siku nyingine. Leo saa kumi na mbili jioni, mtandao ukiwa umejaa, chukua simu mbili za bei ya chini, laini za mitandao miwili tofauti, zima waifai, tafuteni benchi mbali na ofisi. Chezeni mechi kumi. Rekodini vioo vyote viwili kwa pamoja kwa simu ya tatu, kisha weka hapa video hiyo tuitazame.