Samaki Anataga, Vifaranga Hawaonekani: Maswali Yenu Kuhusu Sumu Zisizooza

Maswali ya safari hii yanahusu sumu zinazokaa majini miaka na miaka bila kuoza: dioksini (sumu itokanayo na uchomaji na baadhi ya viwanda), PCB (kemikali za viwandani zilizowekwa hata kwenye mafuta ya transfoma), DDT (dawa ya kuua wadudu) na zebaki (metali yenye sumu).

Kama ziwa lina sumu, mbona samaki hawaelei wamekufa? Sisi tunavua wakubwa, wazima kabisa. (Mvuvi, Ukerewe)

Mzee wangu, hapo ndipo tunapodanganyika. Wanaoelea wameuawa na sumu ya ghafla, kama viuatilifu vilivyotumiwa na wavuvi haramu hadi Ulaya ikazuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999. Sumu isiyooza haina haraka. Isipokuwa zebaki, hujikusanya kwenye mafuta ya samaki jike, naye anapotengeneza mayai, mafuta hayohayo ndiyo yanayojaza kiini. Mtoto anaanza maisha akiwa ameshalishwa sumu.

Chukua Ziwa Ontario, mpakani mwa Kanada na Marekani. Lilikuwa na samaki wengi waitwao trauti, lakini kufikia mwaka 1960 hivi walikuwa wametoweka. Walaumiwa walikuwa wavuvi, pamoja na lamprei, kiumbe mwembamba kama mkunga anayefyonza damu ya samaki wengine. Miaka ya 1970 wakapandikizwa trauti wapya. Wakakua, wakanenepa, wakataga, lakini vifaranga waliozaliwa ziwani hawakuonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulisoma tabaka za tope la chini ya ziwa na kugundua kwamba sumu za jamii ya dioksini peke yake zingetosha kuua vifaranga wote, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Trauti huyu hahitaji sumu nyingi: yai likiwa na takriban sehemu 100 za dioksini katika sehemu trilioni moja, vifaranga hawaponi. Kifaranga anaanguliwa, mfuko wa kiini unavimba maji, damu inavuja, na anakufa kabla hajaanza kujitafutia chakula. Sumu ilipopungua, katikati ya miaka ya 1980, wakaanza kuonekana wachache.

Kila nikifikiria habari hii naumia. Majike walikuwa wanarudi kutaga kila msimu, na watu wanatazama nyavu tu.

Je, sumu inabadilisha hata tabia ya samaki? (Mwanafunzi, Morogoro)

Ndiyo, mwanangu. Katika kijito cha Piles Creek, New Jersey, chenye zebaki na uchafu wa viwandani, mtafiti Judith Weis na wenzake waliona visamaki vinavyoitwa mumichogi vikizubaa. Vilishindwa kukamata uduvi, na vyenyewe vikakamatwa na kaa kwa urahisi. Kwa kukosa windo vikashiba takataka za topeni, vikadumaa na kufa mapema. Ukikata samaki wa namna hiyo huenda usione kasoro yoyote, kumbe kilichoharibika ni wepesi wake.

Samaki hawawezi kuzoea? (Msomaji, Mombasa)

Wachache waliweza. Viwanda vya General Electric vilimwaga PCB katika Mto Hudson, New York, kuanzia 1947 hadi 1977. Samaki aitwaye tomkodi sasa ana badiliko dogo la kurithi linaloizuia sumu hiyo isimdhuru sana, ingawa bado inabaki mwilini. Lakini usifurahi haraka: yeye anaishi nayo, na anayemla anaipokea.

Nakaanga mbuta. Moto hauui sumu hizi? (Mama wa hoteli, Kisumu)

Hauui, dada. Kwa PCB na DDT, toa ngozi na mafuta ya tumboni, na usirudie mafuta yaliyochuruzika. Zebaki iko kwenye nyama yenyewe, hivyo kisu hakikusaidii. Badilisha na omena, maana samaki mdogo wa umri mfupi huwa amekusanya kidogo.

Na nakuomba jambo moja: usikubali mafuta ya kukaangia ya bei ya kutupa usiyojua yametoka wapi. Mafuta ya transfoma huibwa na kuuzwa kwa wakaangaji, na transfoma za zamani zinaweza kuwa na PCB hiyohiyo ya Hudson. Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa ya kuondoa kemikali zisizooza, umezipa nchi hadi 2028 kuyateketeza kwa njia salama. Ukiyamwaga mtaroni, mvua itayafikisha ziwani, kwa mbuta anayejiandaa kutaga.