Si vifupi, unavinyanyua mno

Mdogo wangu mmoja kaniandikia: anapiga saksafoni ya alto kwenye bendi ya kanisa, anafanya mazoezi kila siku, lakini wimbo ukichangamka vidole vinabaki nyuma. Mwalimu wake kamwambia ana vidole vifupi, ahamie filimbi. Utadhani filimbi hupigwa kwa viwiko!

Maneno hayo nayajua. Kwenye bendi moja ya dansi hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, nilipewa solo, nikajikwaa mazoezini, na kiongozi akampa mpiga kinanda palepale mbele ya wote. "Mikono ya kike hii," akasema. Wakacheka. Leo wakipata harusi kubwa hunipigia simu, na bei nawatajia bila haya.

Aliyeninyoosha ni mzee mmoja mstaafu wa bendi ya polisi. Alinisimamisha mbele ya kioo, akanitaka nipige skeli, yaani noti kwa mfuatano wa kupanda na kushuka, huku nikitazama vidole. Kumbe kidole cha pete kilikuwa kinaruka juu kama kimeungua! Kidole kikienda mbali, lazima kirudi kutoka mbali, na hapo ndipo unapochelewa. Kwa hiyo vilaze juu ya lulu, vile vibonyezo vya duara vya vidole, viziguse hata visipobonyeza. Bonyeza kwa wepesi. Kama noti haitoki mpaka ukandamize, huenda pedi, zile ngozi laini zinazoziba matundu, zinavuja, mwone fundi. Uzito wa chombo ubebwe na mkanda wa shingoni. Gumba la kulia likianza kubeba, mkono mzima unakaza.

Halafu acheni kukimbiza skeli nzima wakati kinachowaangusha ni hatua moja. Kwa wengi ni C ya kati kwenda D: kidole kimoja kinageuka sita, pamoja na gumba la kushoto kwenye kibonyezo cha oktava, kinachopandisha sauti juu, na vyote vitue kwa pamoja. Chukua noti hizo mbili tu, weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Ukisikia kanoti ka tatu katikati, kuna kidole kimechelewa. Punguza mwendo. Bado kapo? Punguza tena.

Wanaokufundisha skeli ya C peke yake hawajawahi kukaa na wapiga gitaa. Noti za alto haziitwi sawa na za gitaa: gitaa likianza A, mwenye alto yuko F shapu. Likienda E, yuko C shapu. Huko kidole kidogo cha kushoto ndicho mtumishi: G shapu, C shapu ya chini, B ya chini. Vibonyezo vyake vimewekewa vigurudumu ili uteleze, usinyanyue. Na B flati, ambayo ndiyo A shapu, ina njia kadhaa. Kile kibonyezo kidogo kinachoshikwa pamoja na B kwa kidole kimoja ni kitamu kwenye F, lakini ndani ya F shapu, ukitoka A shapu kwenda B, kitakunasa. Tumia cha pembeni, mkono wa kulia.

Vijana mnataka kupiga kama Verckys, yule mpiga saksafoni wa Kongo, lakini dakika kumi za polepole zinawashinda. Mnataka kasi, mnataka video. Kasi haiombwi! Polepole, nasema tena, polepole. Na msisingizie kukosa muda. Hata ukiwa kwenye daladala goti unalo, vidole vya kushoto vifanyie mazoezi hapo. B ni kidole cha shahada, C ni cha kati: kimoja kikipanda, kingine kishuke papo hapo, na konda akikushangaa mwache.