"Moot": jambo lenye ubishi au jambo lililokwisha?

Ndugu uliyeuliza, umesema bosi wako amekuandikia kwamba suala la posho ya safari ya Gulu ni "moot point", ukafungua kamusi ukakuta maana mbili zinazogombana: jambo lenye ubishi, na jambo ambalo halina haja ya kujadiliwa tena. Kamusi haijakosea. Zote mbili zipo, na ya pili imezaliwa na ya kwanza.

Mimi ni mkalimani wa mahakamani huku upande wa Busia, kwa hiyo neno hili nakutana nalo kazini.

Katika Kiingereza cha kale "mot" au "gemot" lilikuwa baraza, watu wanakutana kuamua kesi na mambo ya mji. Ni ndugu wa "meet". Mji wa Aldeburgh, Uingereza, una jengo la karne ya 16 ambalo hadi leo linaitwa Moot Hall. Na kwa kuwa jambo la kupelekwa barazani ni lile ambalo bado halijaamuliwa, "moot" likawa na maana ya lenye ubishi.

Waliolipindua ni wanafunzi wa sheria. Kwenye Inns of Court za London, vyama vinavyolea mawakili, walifundishwa kwa kubishania kesi za kubuni. Hoja kali kweli, lakini mwisho wa siku hakuna anayefungwa wala anayelipwa. Hata wanafunzi wa sheria wa Makerere wana moot zao, suti nyeusi, wanamwinamia mhadhiri utadhani ni jaji. Basi katika karne ya 19 Wamarekani wakaanza kuliita hivyo shauri lolote ambalo hukumu yake haitabadilisha kitu. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuamua kesi ya Marco DeFunis, aliyenyimwa nafasi ya kusomea sheria Chuo Kikuu cha Washington. Mahakama ya chini ilikuwa imeamuru aingizwe, na kesi ilipofika juu alikuwa muhula wa mwisho. Ashinde, ashindwe, angemaliza tu.

Mahakama zetu Uganda huendeshwa kwa Kiingereza, na hapo "moot" ni hii ya Kimarekani. Kuna mama muuza mukene (dagaa) aliyeomba zuio ili kibanda chake kisivunjwe. Siku ya kusikilizwa, kibanda kilikuwa kimeshavunjwa, mabati yamebebwa. Hakimu akasema ombi ni "moot". Nikatafsiri: "Mama, ombi lako limepitwa."

"Limepitwa vipi na mimi niko hapa tangu asubuhi?"

Nikaomba ruhusa nieleze. Uliomba kisivunjwe, kimeshavunjwa, sasa amri izuie nini? Akauliza kama ameshindwa. Hapana, kushindwa ni kupimwa ukaonekana huna haki, na ombi lake halikupimwa kabisa. Dai lake la fidia liliendelea, maana hasara haikuondoka na kibanda.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "moot" ni sawasawa na "irrelevant". Rangi ya kibanda ni "irrelevant", haikuhusu kesi hata siku moja. Zuio lilihusu, tena sana, mpaka tingatinga lilipofika. (Wapo pia wanaoandika "mute point". Hiyo ni hoja bubu, achana nayo.)

Sasa barua ya bosi wako. Kama safari ya Gulu imefutwa, anakwambia posho imekufa na safari yake, usipoteze nguvu kubishana. Kama safari bado ipo, muulize ana maana gani, hasa ikiwa alisomea Uingereza, ambako maana ya kwanza bado inatumika, kwa sababu huenda anakubali kwamba kiasi cha posho hakijaamuliwa na mlango wa kudai bado uko wazi.