Barua za benki nazificha chini ya kiti cha gari

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 46, mke na watoto watatu. Niliweka nyumba yetu rehani nikachukua mkopo wa biashara, biashara ikafa. Huu ni mwezi wa tano sijapeleka marejesho, na benki imeniletea notisi kwamba nyumba itapigwa mnada. Barua zilizofuata sijazifungua, nazificha chini ya kiti cha gari. Mke wangu anaujua mkopo, ila hajui kwamba nimeshindwa kulipa. Silali. Nawafokea watoto bila sababu, na siku nyingine nawaza wangepata nafuu kama nisingekuwepo. Nifanyeje nisivunjike? – Baba Aliyekwama*

Marahaba, mwanangu. Nianze na maneno uliyoyapitisha haraka-haraka kule mwishoni, kwamba wangepata nafuu kama usingekuwepo. Hayo siwezi kuyaruka. Kama wazo hilo linakurudia, au umeshaanza kufikiria namna ya kulitimiza, usingoje ushauri wa gazetini. Leo hii mwambie mtu mmoja uso kwa uso, akupeleke kwa daktari, na huko uyarudie maneno hayo hayo bila kuyapunguza. Nyumba ikienda, watoto wako watakuwa wamepoteza nyumba. Wasipoteze na baba.

Sasa swali lako. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 yanayomwelemea binadamu, kila moja na alama zake. Kufiwa na mume au mke kulipewa 100. Kunyang'anywa mali ya rehani, 30 tu. Nilipoiona mara ya kwanza niliguna, nikaona hawa hawajawahi kudaiwa. Kisha nikasoma mengine: ugomvi wa mke na mume kuongezeka, 35; usingizi kuvurugika, 16. Jumlisha hayo mawili uone kama hayaishindi nyumba yenyewe. Benki imekuletea 30. Zilizobaki, samahani kwa kukwambia, nyingine umezileta mwenyewe kwa kuficha.

Maana siri ni kazi, mwanangu, tena ya kutwa kucha. Uitazame simu ikiita, uwahi barua kabla ya mwenzio, ukae mezani ucheke. Deni peke yake lingekuchosha. Wewe umelibeba pamoja na mchezo wa kuigiza. Na unaamini mkeo hajui? Mwanamke anayelala na mwanamume anayeamka saa tisa usiku kutazama dari anajua kuna jambo. Asichojua ni jambo gani, na pengine hivi sasa anadhani una mtu nje. Ukweli wako unaweza hata kumpa ahueni kwanza, kabla hajakasirika. Maana atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize kwa kujitetea. Atakachokukasirikia zaidi ni ile miezi mitano, kuliko hizo pesa.

Barua ulizoshindwa kuzifungua zisikufanye ujione mjinga. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliowapima wakulima wa miwa India mara mbili: kabla ya mavuno wakiwa wamekaukiwa, na baada ya mavuno mifuko ikiwa na kitu. Watu ni wale wale, lakini majaribio ya kufikiri yaliwashinda zaidi walipokuwa hawana kitu. Wasiwasi wa pesa hukalia kiti ambacho akili ingekalia. Kwa hiyo kwa sasa usikate shauri kubwa peke yako, na usitie saini chochote usiku. Hasa jihadhari na wale wanaonusa nyumba zinazoelekea mnadani, wanakujia na maneno matamu kwamba wataiokoa mradi uwakabidhi hati.

Zifungueni barua pamoja, asubuhi, mkiwa na kalamu. Kinachotafutwa humo ni tarehe na kiasi. Vitisho vyote vingine mvipite. Kisha mwende benki wawili kabla ya tarehe hiyo, mkaombe marejesho yapangwe upya, na ikishindikana, mruhusiwe kutafuta mnunuzi wenyewe, kwa kuwa bei ya mnada mara nyingi huwa ya kutupa. Mkipata mwanasheria wa kuzisoma karatasi, vizuri zaidi. Benki ilikopesha pesa na inataka pesa, ingawa wapo maofisa mikopo wanaozungumza kana kwamba wanataka roho yako.

Inawezekana mkafanya yote hayo na nyumba ikaenda. Sitakudanganya. Ikienda, lia. Umeijenga au umeilipia, umewalea watoto humo; huo ni msiba, na msiba hauna haja ya kuambiwa "ni vitu tu". Watoto waambie mapema, kwa maneno machache: tunaweza kuhama, si kosa lenu, tutakuwa pamoja. Wameshakusikia ukifoka, na mtoto asiyeambiwa sababu hujitafutia yake, mara nyingi hujitaja mwenyewe.

Hofu ya saa tisa itarudi hata baada ya kusema. Ikirudi, inuka uiandike kwenye karatasi, uiache mezani hadi asubuhi. Usiitulize kwa pombe; usingizi wa pombe hukatika alfajiri, na unaamka na deni lile lile pamoja na kichwa kinachouma.

Leo watoto wakishalala, toka nje kwenye gari. Zitoe zote, hata ile ya kwanza uliyoikunja, uziingize ndani ukamkabidhi mama yao. Halafu niandikie.