Kuanza na Make katika C: Makefile fupi unayoielewa yote

Anayejifunza C huweza kuishi na amri moja ya gcc, yaani kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, kwa muda mrefu, lakini programu ikishagawanyika katika faili nne au tano, amri hiyo hurefuka, huandikwa kwa kukumbuka, na kubadilisha mstari mmoja hulazimisha kukompaili kila kitu upya. Hapo ndipo wengi huitafuta Make, chombo kinachokompaili upya faili zile tu zinazohitaji, na hapo ndipo wengi huanza vibaya: hunakili Makefile (faili ya maelekezo ambayo Make huisoma) ya mradi mkubwa, hubadilisha jina la programu, kisha wakiulizwa kazi ya mstari wowote ndani yake hawana jibu. Nimewaelekeza vijana kadhaa katika hatua hii, na ninachowashauri ni kinyume cha hapo: anza na Makefile fupi mno, uielewe yote, na uongeze mstari pale tu unapoijua shida ambayo mstari huo unaiondoa.

Shida ya kwanza, ya kutojua faili ipi haijakompailiwa upya, ni ya zamani. Stuart Feldman aliiandika Make mwaka 1976 akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akisaka kosa katika programu ambayo tayari alikuwa ameisahihisha. Faili iliyosahihishwa ilikuwa haijakompailiwa upya. Toleo ambalo wengi wetu tunalitumia leo ni GNU Make, lililoanzishwa na Richard Stallman na Roland McGrath. Katika Ubuntu hupatikana kwa kusakinisha kifurushi cha build-essential, na katika Windows njia nyepesi ni kupitia WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) au MSYS2 (mkusanyiko wa zana za aina ya Unix kwa Windows).

Kabla ya kuandika Makefile yoyote, fungua folda tupu, weka humo faili moja, salamu.c, kisha andika `make salamu`. Utaona Make ikiiita kompaila yenyewe, kwa sababu inayo kanuni zake za ndani za kugeuza faili ya .c kuwa programu. Rudia amri ileile na utajibiwa kwamba salamu is up to date. Jibu hilo litafakari vizuri, kwa kuwa limebeba karibu mantiki yote ya chombo hiki. Make haisomi msimbo wako wala haijui umebadilisha nini. Inachotazama ni saa ambayo faili ilibadilishwa mara ya mwisho. Ikiwa lengo (faili inayotakiwa kutengenezwa) halipo, au mojawapo ya vitegemezi vyake (faili zinazohitajika kulitengeneza) ni kipya kuliko lengo, basi amri hutekelezwa. La sivyo, huachwa.

Kutokana na hilo, kompyuta yenye saa mbovu huipotosha Make. Kompyuta za zamani ambazo betri ya ubao mama imekufa huwaka zikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na faili unayoihariri siku hiyo huonekana kuwa ya zamani kuliko faili ya .o (matokeo ya kukompaili faili moja ya .c) iliyoundwa juzi, hivyo Make hukataa kuikompaili. Ukiona onyo la Clock skew detected, sahihisha saa ya kompyuta kwanza, kisha ujenge kila kitu upya.

Sasa tuchukue programu ndogo ya duka yenye main.c, bidhaa.c, risiti.c na faili ya kichwa bidhaa.h. Makefile yake ya kwanza inatosha kuwa hivi:

```
CFLAGS = -Wall -Wextra -g

duka: main.o bidhaa.o risiti.o
	$(CC) -o $@ $^
```

Upande wa kushoto wa nukta mbili ni lengo, upande wa kulia ni vitegemezi, na mstari wa chini ni amri. Alama `$@` husimama badala ya jina la lengo, na `$^` badala ya vitegemezi vyote. `$(CC)` ni jina la kompaila, na CFLAGS ni chaguo zinazopewa kompaila hiyo. Faili za .o hazikuandikiwa kanuni kwa sababu Make inajua yenyewe kuzitengeneza kutoka faili za .c, ikitumia CFLAGS ulizoziweka. Mstari wa amri lazima uanze kwa kitufe cha Tab, si kwa nafasi za kawaida. Ukipata ujumbe wa missing separator, angalia hapo kabla ya kwingine kokote, na uhakikishe kihariri chako hakigeuzi Tab kuwa nafasi.

Makefile hii inafanya kazi, lakini imeficha jambo moja kubwa: haijataja bidhaa.h popote. Kijana mmoja niliyekuwa nikimwelekeza alipanua sehemu ya jina ndani ya struct kutoka herufi 32 hadi 64, akahariri pia bidhaa.c, akaendesha make, na kila kitu kikapita bila onyo hata moja. Risiti ilipotoka, bei ya sukari ilikuwa sifuri. Faili ya bidhaa.c ilikuwa imekompailiwa kwa struct mpya, lakini risiti.o ilibaki na mpangilio wa zamani, hivyo ilikwenda kuisoma bei pale ilipokuwa mwanzo, baiti ya 32, ambapo sasa palikuwa na sifuri zinazojaza sehemu iliyobaki ya jina. Kosa la namna hii huchosha kuliko mengine, maana unaweza kuusoma msimbo wako neno kwa neno na usilione, kwa kuwa halimo ndani ya msimbo.

Unaweza kuandika vitegemezi hivyo kwa mkono, lakini sikushauri. Vitasahaulika siku utakapoongeza `#include` moja. Kompaila ndiyo inayojua kwa hakika faili zipi za kichwa zimesomwa, basi iachie kazi hiyo:

```
CFLAGS = -Wall -Wextra -g
CPPFLAGS = -MMD -MP
OBJ = main.o bidhaa.o risiti.o

duka: $(OBJ)
	$(CC) $(LDFLAGS) -o $@ $^ $(LDLIBS)

-include $(OBJ:.o=.d)

.PHONY: clean
clean:
	rm -f duka $(OBJ) $(OBJ:.o=.d)
```

CPPFLAGS nazo ni chaguo ambazo Make huipa kompaila, na LDFLAGS na LDLIBS ni za hatua ya mwisho ya kuunganisha faili za .o kuwa programu. Chaguo la `-MMD` huifanya GCC au Clang (kompaila nyingine ya C) iandike faili ya .d kando ya kila .o, ikiorodhesha faili za kichwa zilizotumika, na `-MP` huzuia Make kukwama siku utakapoifuta mojawapo. Mara tu unapoongeza mistari hii katika mradi wa zamani, endesha `make clean` kwanza, kwa sababu faili za .o zilizokwisha kuwapo hazina .d zake. Nayo .PHONY huiambia Make kwamba clean si jina la faili.

Mengine ni madogo ila yanasumbua. Ukibadilisha CFLAGS, Make haitagundua, hivyo tumia `make -B`, ambayo hujenga kila kitu upya. Kila mstari wa amri huendeshwa katika sheli yake, kwa hiyo `cd` ya mstari mmoja haifiki mstari unaofuata. Maktaba kama `-lm` ziweke katika LDLIBS ili zije baada ya faili za .o, la sivyo katika mifumo mingi utaambiwa undefined reference ingawa maktaba ipo.

Usipoelewa Make inakusudia nini, `make -n` itakuonyesha amri bila kuzitekeleza. Na Makefile ikishatulia, ijaribu kwa `make clean` kisha `make -j4`, ambayo huendesha hadi kazi nne kwa wakati mmoja. Ikiwa ujenzi unapita bila `-j` lakini unavunjika ukiiweka, usiiondoe `-j`. Tafuta lengo ambalo hukulitajia kitegemezi chake, ukianza na lile lililotajwa kwenye ujumbe wa kwanza wa kosa.